Huyu kifua chekundu kwa nini hakuhama? (Uzi wa matembezi ya ndege majira ya baridi)

#1 Darubini_Shingoni
Habari wanajukwaa. Niko kaskazini mwa Ulaya mwaka wa pili sasa, na tangu Novemba natembea kila Jumapili na klabu ya wapenda maumbile ya hapa ninapoishi. Tuko kumi, kumi na wawili hivi, wengi wao wazee waliostaafu. Tunazunguka ziwa dogo na msitu ulio nyuma yake kwa saa tatu. Nilidhani majira ya baridi hakuna cha kuona. Nilikosea kabisa. Miti haina jani hata moja, kwa hiyo ndege aliyenisumbua Julai kwa kujificha, sasa yuko wazi kama nguo kwenye kamba.

Jumapili iliyopita ilikuwa nyuzi 9 chini ya sifuri. Ziwa limeganda lote isipokuwa kidimbwi katikati. Tukasimama mbele ya kichaka, na juu yake kuna ndege mdogo mwenye kifua chekundu, gramu 18 hivi, anaimba. Halii kwa woga, anaimba wimbo mzima wenye mwanzo na mwisho. Mzee anayetuongoza akasema wenzake wengi wameondoka tangu Oktoba. Nikamuuliza, huyu mbona hakwenda? Akasema kila mwanaklabu ana jibu lake, na kweli, kufika mwisho wa njia nilikuwa na majibu matano.

Ndege wa aina moja, msitu mmoja, mabawa yale yale. Mmoja anahama, mwingine anabaki kwenye theluji. Nini kinaamua?

#2 Mti_Mkavu
Chakula, mkuu. Ndege hakimbii baridi, anakimbia njaa. Anayekula wadudu wanaoruka, kama mbayuwayu, hana namna; wadudu wakiisha lazima aende. Anayeweza kubadili mlo anabaki: wadudu wakati wa joto, matunda Oktoba, mbegu Januari. Kifua chekundu anakula buibui, minyoo, matunda madogo ya vichakani. Yupo kwa sababu bado kuna cha kula.

#3 Kinyume_Chake
#2 umejibu swali ambalo hakuuliza. Kwamba mbayuwayu aende na kunguru abaki, hilo tunaelewa. Yeye anauliza ndani ya aina moja. Kama chakula kipo, mbona wenzake wameondoka? Kama hakipo, mbona huyu anaimba?

#4 Mama_Kwezi
Angalieni dume na jike kwanza. Linnaeus, yule Mswidi aliyezipa aina za viumbe majina ya Kilatini, aliona kwao Uswidi kwamba kuna aina ya chiriku ambao majike wanaondoka na wanaobaki majira ya baridi ni madume tu. Mwaka 1758 akampa chiriku yule jina lenye maana ya kapera. Jina hilo analo mpaka leo.

Sababu inayotolewa ni hii: dume anahitaji eneo. Machi ikifika, aliyebaki yuko tayari mlangoni, na aliyekwenda mbali anakuta nafasi nzuri zimeshachukuliwa. Kwa hiyo dume anakubali kuteseka miezi minne ili apate mahali. Jike hana haraka hiyo.

#5 Kinyume_Chake
Hapo sasa umegusa kitu, dada. Lakini yapo maelezo mengine kwa jambo hilo hilo la madume kubaki: dume ni mkubwa kidogo kwa mwili. Mwili mkubwa unapoteza joto polepole na unabeba akiba zaidi. Na ya tatu: mwenye nguvu anawafukuza wanyonge kwenye chakula, wanyonge wanalazimika kuhama. Katika aina nyingi dume ndiye mkubwa, ndiye mbabe, na ndiye mwenye kutafuta eneo, vyote kwa pamoja. Utajuaje ni kipi kilichomfanya abaki?

#6 Njia_ya_Mbugani
Kwa kifua chekundu hiyo hadithi ya kapera ina shida. Jike wake naye anaimba majira ya baridi, na anashika eneo lake peke yake, mbali na dume. David Lack aliwavisha pete za miguuni ndege hawa huko Devon, Uingereza, miaka ya 1930, akawafuata mmoja mmoja. Alikuta majike wengine wanabaki na kupigania eneo kama madume, na wengine wanaondoka. Na huwezi kumtambua dume na jike kwa kumtazama, wanafanana kifua hadi mkia. Kwa hiyo #1, huyo unayemwita "yeye" anaweza kuwa bibi.

#7 Darubini_Shingoni
Nashukuru sana. #6, mzee wetu alisema hivyo hivyo, kwamba huyo tunayemsikia anaweza kuwa jike. Wote tulinyamaza kidogo. Nilikuwa nimeshamjengea picha ya askari.

#8 Pwani_Kavu
Wenye uzi, samahani, mimi niko nje ya mada. Huyo wa kichakani sawa, ana manyoya. Je, bata waliosimama kwenye barafu miguu mitupu? Mimi nikikanyaga sakafu asubuhi bila ndala naruka. Hao wanasimama saa nzima. Damu yao ina dawa ya kuzuia kuganda?

#9 Mti_Mkavu
Dawa hiyo wanayo baadhi ya samaki wa bahari za ncha za dunia, protini maalumu ndani ya damu. Bata hana. Bata ana mpangilio wa mishipa. Mshipa unaoshusha damu ya moto mguuni umepita ubavuni mwa ile inayopandisha damu ya baridi. Joto linahama kutoka huu kwenda ule kabla damu haijafika unyayoni. Kwa hiyo unyayo unapata damu ya kutosha usigande, lakini ya baridi, karibu na nyuzi sifuri tu, na moto wenyewe unarudi mwilini. Halafu chini ya goti lake kuna mifupa na kano zaidi kuliko nyama. Misuli inayoiendesha miguu iko juu, ndani ya manyoya.

#10 Mama_Kwezi
Nyongeza ndogo kwa #9: tulichozoea kukiita goti la ndege ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa juu kwenye manyoya. Ndiyo maana anaonekana kama anakunja goti kinyumenyume.

Na #8, ukimwangalia bata vizuri siku ya baridi kali utaona anasimama mguu mmoja, wa pili ameuvuta tumboni. Baadaye anabadilisha.

#11 Pwani_Kavu
Ewaa. Kumbe kifundo. Miaka yote nawachora watoto wangu korongo mwenye magoti yaliyokosewa.

#12 Wageni_wa_Oktoba
Mimi nitamrudisha #1 kwenye swali lake kwa kuuliza swali jingine. Nani amekwambia huyo ndege "hakuhama"?

Kifua chekundu wa kaskazini kabisa, kule Skandinavia, karibu wote wanashuka kusini na magharibi. Wanaishia Ulaya ya magharibi na nchi za Mediterania, wengine wanakaa Uingereza. Wakati huo huo sehemu ya wale wa Uingereza, hasa majike, wanashuka Ufaransa na Uhispania. Kwa hiyo kichaka ulichokiona Julai kilikuwa na mwenyeji, mwenyeji akaondoka, na huyo unayemwona Januari anaweza kuwa mgeni aliyetoka mbali zaidi kuliko alikokwenda huyo mwenyeji. Kwake yeye hapo ulipo ndiyo kusini.

#13 Kinyume_Chake
#12 umetuvuruga vizuri. Hapo swali zima linageuka.

#14 Bundi_Hajalala
Nimesoma uzi huu saa tisa usiku nikiwa kazini. Naomba niongeze kuhusu usiku, maana mnazungumzia mchana tu. Ndege mdogo mchana anakula, anaruka, anajipasha. Mtihani ni zile saa 15 au 16 za giza. Ndege mdogo anaweza kuamka amepoteza asilimia 10 ya uzito wake kwa usiku mmoja, mafuta yote yameteketea kwa kujipasha. Ndege mdogo kuliko wote Ulaya, mwenye mstari wa dhahabu kichwani, ana gramu 5 au 6, na anaishi misitu ya misonobari yenye theluji. Wanalala wamebanana.

Amerika ya Kaskazini kuna mwenye kofia nyeusi na mashavu meupe ambaye usiku anashusha joto la mwili kwa nyuzi 10 hata 12, asubuhi anawasha tena. Na huko Norfolk, Uingereza, mwaka 1969 walihesabiwa zaidi ya 60 wa aina moja ya wadogo wadogo wakiingia kulala ndani ya kisanduku kimoja cha kiota. Sitini! Kwenye kisanduku unachoweza kukibeba kwapani.

#15 Njia_ya_Mbugani
#14 wewe usiku ndiyo mchana wako, jina umelistahili.

Jambo hili lina maana kwenye matembezi. Klabu nyingi zina kanuni hiyo na iheshimuni: majira ya baridi usimrushe ndege ovyo. Kila anaporuka kwa sababu yako anatumia mafuta ambayo alikuwa ameyatunza kwa ajili ya usiku. Sogea taratibu, simama, mwache yeye aje. Na jioni ikikaribia muondoke kwenye miti wanayolala.

#16 Darubini_Shingoni
Ndiyo tunavyofanya, #15. Hatutembei sana, tunasimama sana. Wadogo wa aina tano sita wanakuja kwa kundi moja mchanganyiko: mmoja kwenye ncha za matawi, mwingine kwenye shina anapanda kama panya, gogota mmoja nyuma yao. Dakika nzima kimya, halafu mti wote umejaa, halafu wamepita. Ukilikosa kundi hilo umekosa asubuhi yako.

Na theluji yenyewe inasomeka. Shomoro anaruka miguu pamoja, nyayo mbili mbili. Kunguru anatembea, mguu huu na huu. Wiki mbili zilizopita tulikuta nyayo za panya zinakwenda, zinakwenda, zinaishia katikati ya uwanja, na pande zote mbili alama ya mabawa imechorwa kwenye theluji, unyoya kwa unyoya. Bundi. Mzee alitandaza kiganja pembeni bila kugusa, akapima. Hakuna aliyesema neno.

#17 Jumatano_Asubuhi
Salamu kutoka Nairobi. Nimeona watu wanasema "wameondoka" kama vile wamepotea. Wako huku jamani! Sisi tunaotembea na Nature Kenya Jumatano asubuhi, matembezi yaliyoanza mwaka 1971, chini ya chama chenyewe cha tangu 1909, tunawasubiri kuanzia Septemba. Keremkerem wa Ulaya unawasikia juu kabla hujawaona. Korongo weupe. Na wale wadogo wa kijani-njano wa gramu 8 hadi 10, wenye mstari juu ya jicho, kila mgunga unao mmoja. Hadi Machi, Aprili, halafu kimya.

Na hili watu wengi huku hawalitambui: baridi yetu ni Juni hadi Agosti. Wakati sisi tumevaa sweta, wageni hao hawapo, wako kwao wanalea. Kwa hiyo ndege huyo hajawahi kuonja majira ya baridi ya mahali popote. Anayajua yale anayoyakimbia kwa kutokuwepo tu.

#18 Pwani_Kavu
#17 nimefurahi kukuona. Mimi huku pwani maji yakitoka, ufukwe wa tope umejaa vitwitwi. Agosti wanafika wengine bado wana wekundu wa matofali kifuani, nguo za harusi hawajavua, wametoka Siberia. Oktoba wote wamekuwa kijivu.

Lakini sikilizeni, maana nadhani inahusu swali. Mei wakubwa wakishaondoka, wapo wanaobaki. Nawaona Juni, Julai, kwenye kusi, wamejikunyata na kijivu chao. Nilidhani ni wagonjwa.

#19 Wageni_wa_Oktoba
Si wagonjwa. Wengi wa hao ni wachanga wa mwaka wa kwanza. Hawajakomaa kuzaa, safari ya maelfu ya kilomita kwenda Siberia na kurudi haina faida kwao mwaka huo, basi wanakaa. Kwa hiyo #18 una kifua chekundu wako mwenyewe, wa upande wa pili. Swali lile lile: mwenzake kaenda, huyu kabaki.

#20 Kinyume_Chake
Basi tuongeze umri kwenye orodha. Tuna chakula, dume na jike, ukubwa wa mwili, ubabe, eneo, mgeni badala ya mwenyeji, umri. Nani analeta la nane?

#21 Mwanafunzi_wa_Mabawa
Damu. Yaani kurithi.

Peter Berthold na wenzake Ujerumani walifanya kazi na ndege mdogo wa kijivu, dume lake lina kofia nyeusi. Walichukua ndege wa jamii ambayo baadhi wanahama na baadhi wanabaki, kama hali yenu hapa. Wakawaozesha wanaohama kwa wanaohama, wanaobaki kwa wanaobaki. Baada ya vizazi vichache tu, upande mmoja karibu wote ni wahamaji, upande wa pili karibu wote ni wakaaji. Bila shule, bila wazazi kuwaonyesha njia.

Halafu mwaka 1992 walitangaza jingine. Ndege hao hao walikuwa wameanza kukaa Uingereza majira ya baridi, jambo ambalo zamani lilikuwa nadra. Wakawakamata, wakawazalisha Ujerumani, na watoto waliozaliwa kwenye tundu walipofika wakati wa kuhama walielekea magharibi, upande wa Uingereza, mahali ambapo hawajawahi kufika. Dira wamezaliwa nayo.

#22 Mti_Mkavu
Na mbona Uingereza? Kwa sababu watu wanaweka mbegu na mafuta bustanini! Turudi kwangu #2: chakula.

#23 Mwanafunzi_wa_Mabawa
Chakula kinamfanya aliyekwenda huko aishi na kuzaa. Lakini kilichomwelekeza huko ni urithi. Ukisema chakula peke yake, mtoto aliyezaliwa tunduni kwa nini aelekee magharibi?

Niongeze ukweli mmoja unaopunguza utamu wa hadithi yangu: siku za karibuni ndege hao wamefungwa vifaa vidogo vya kufuatilia safari, na imeonekana wanaokaa Uingereza wanatoka pande nyingi za Ulaya, si sehemu moja tu. Kwa hiyo njia hiyo mpya si ya ukoo mmoja.

#24 Mama_Kwezi
Kuhusu dira: miaka ya 1960 huko Frankfurt, Wolfgang Wiltschko alitumia kifua chekundu hawa hawa kuonyesha kwamba wanahisi usumaku wa dunia. Aliwaweka kwenye tundu lisiloonyesha nyota wala jua, akageuza usumaku kwa nyaya za umeme, nao wakageuza upande wanaotaka kwenda. #1, ndege wako wa kichakani ana dira kichwani hata kama amekaa.

#25 Bundi_Hajalala
Nimependa watu wa zamani walivyohangaika na swali hili. Aristotle aliandika kwamba mbayuwayu wengine wanajificha mashimoni bila manyoya. Akadhani pia kwamba ndege mwenye mkia mwekundu anageuka kifua chekundu baridi ikija, kwa sababu mmoja anatoweka na mwingine anatokea. Mwaka 1555 Olaus Magnus wa Uswidi alisema mbayuwayu wanalala chini ya maziwa na wavuvi wanawavuta kwa nyavu. Msomi mmoja wa Uingereza karne ya 17, Charles Morton, akasema wanakwenda mwezini.

#26 Jumatano_Asubuhi
Na walipopata jibu, walilipata kwa mkuki wetu. Mwaka 1822, kaskazini mwa Ujerumani karibu na mji wa Klütz, aliuawa korongo mweupe akiwa na mkuki umepenya shingoni. Mkuki wa Afrika ya kati. Alichomwa huku, akaruka nao hadi kule. Amekaushwa, yuko Chuo Kikuu cha Rostock mpaka leo na mkuki wake. Mimi kila nikimfikiria korongo huyo nasimama kidogo. Jangwa lote lile, na mti shingoni.

#27 Njia_ya_Mbugani
Korongo yule alithibitisha kwa makorongo. Kwa mbayuwayu ilibidi pete. Mmoja alivishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, akakamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Hapo ndipo Waingereza walipojua mbayuwayu wa mabanda yao wanakaa wapi Krismasi.

#25, usimcheke sana Aristotle. Mwaka 1946 huko jangwa la California, Edmund Jaeger alimkuta ndege wa usiku, mwenye rangi ya mawe, amelala kwenye ufa wa mwamba majira ya baridi, baridi kabisa, hapumui kwa namna inayoonekana. Alikuwa hai. Wahopi, wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa na jina lake tangu zamani, lenye maana ya "mwenye kulala". Kwa hiyo la kujificha mashimoni lipo, alikosea ndege tu.

#28 Bundi_Hajalala
Sikumcheka mzee wangu, nilimpenda. Aliona wawili hawaonekani pamoja mwaka mzima, akatafuta jibu kwa alichokuwa nacho. Angalia #12 alivyotueleza: mwenyeji anaondoka, mgeni anakuja, unadhani ni yule yule. Karibu sawa.

#29 Jumatano_Asubuhi
Mnaopenda pete, kuna Ngulia, Tsavo Magharibi. Tangu 1969 kila Novemba na Desemba, usiku wenye ukungu na usio na mwezi, ndege wahamaji wanashuka kwa maelfu kwenye taa. Wanakamatwa kwa nyavu laini, wanapimwa, wanavishwa pete, wanaachiwa. Pete za pale zimepatikana mpaka Ulaya na Asia.

Mmoja wa wanaopita pale ni wa kahawia, hana alama yoyote ya kumsifia kwa macho. Lakini dume lake linaiga nyimbo. Françoise Dowsett-Lemaire aliyachunguza Ubelgiji, akatangaza mwaka 1979: dume mmoja anaiga kwa wastani aina 76, na zaidi ya nusu ya aina zote zilizotambuliwa ni ndege wa Afrika. Yaani mtu amesimama kando ya mto Ubelgiji mwezi wa Juni, anasikia shore wetu, mbayuwayu wetu, wanaimbwa na ndege aliyewasikia huku. #1, ukifika Juni na klabu yako, mtafute. Utasikia nyumbani.

#30 Darubini_Shingoni
#29 nimesoma hiyo mara tatu. Juni nitamtafuta, nitaleta taarifa.

#31 Mti_Mkavu
Tukirudi kwenye Januari: klabu yenu inahesabu? Hesabu ndiyo inayoonyesha mabadiliko, matembezi matupu yanasahaulika. Marekani wana hesabu ya Krismasi tangu 1900. Frank Chapman aliipendekeza badala ya desturi ya kutoka kwenda kupiga risasi kila kinachoruka siku ile. Walianza watu 27, sehemu 25. Uingereza wana ya bustani mwishoni mwa Januari tangu 1979. Kwa hesabu za namna hii imeonekana kwamba aina fulani za bata na batamaji wa Ulaya hawashuki mbali kama zamani, kwa sababu majira ya baridi yamekuwa ya joto zaidi huko kaskazini mashariki. Wanaishia njiani.

#32 Kinyume_Chake
Kwa hiyo hata aliyerithi safari anaifupisha. Chakula na barafu vinamsimamisha. #21 unasemaje?

#33 Mwanafunzi_wa_Mabawa
Nasema urithi unampa hamu na upande, hali ya hewa inampa mahali pa kusimama. Lakini batamaji wanasafiri na wazazi, watoto wanajifunza njia. Wadogo wa usiku wanasafiri peke yao. Usiwaweke chungu kimoja.

#34 Mama_Kwezi
Mimi bado nashikilia eneo. Ndege anayeimba katika nyuzi 9 chini ya sifuri anatumia nguvu ambazo hana za kuchezea. Haimbi kwa furaha. Anawaambia wengine kichaka hiki na matunda yake kina mwenyewe.

#35 Njia_ya_Mbugani
Dada, haimzuii mgeni kusema hivyo hivyo. Wageni nao wanashika maeneo. #1 ana njia moja tu ya kujua: pete. Mtazame miguu.

#36 Darubini_Shingoni
Nimerudi. Jumapili leo, nyuzi 4 chini ya sifuri, theluji mpya ya usiku. Tumehesabu aina 23, #31, na tunaandika kila wiki, daftari la klabu ni la miaka mingi kuliko umri wangu.

Kichaka kile kile. Nikamtazama miguu kama alivyosema #35. Hakuna pete. Nikataka kugeuka, mama mmoja wa klabu akanishika mkono: yuko wa pili, chini, kwenye mizizi. Kifua chekundu vile vile. Wa juu akashuka kama jiwe, wakapandishana vifua, wakaviringishana theluji ikaruka. Sekunde tano hivi. Mmoja akakimbilia ng'ambo ya njia, akakaa kwenye waya, na jua likampiga mguuni: pete, mguu wa kulia, ya bati. Aliyebaki akarudi juu akaanza kuimba.

Sasa sijui. Wiki ile niliyemsikia ni yupi kati ya hawa wawili? Mwenyeji ni yule mwenye kichaka au yule mwenye pete? Nimepiga picha 14 za aliye kwenye waya, nyingi zimetikisika.

#37 Mama_Kwezi
Mwenye kichaka ndiye mwenyeji. Umeona mwenyewe alivyoshuka.

#38 Wageni_wa_Oktoba
Au mgeni mkubwa wa mwili kutoka kaskazini aliyempora mwenyeji.

#39 Njia_ya_Mbugani
Usipige kelele ya ushindi bado, wote wawili. Pete ya bati ya ndege mdogo haisomeki kwa darubini, lakini ukiwa na picha za pande zote za mguu unaweza kuunga maandishi kipande kwa kipande. Kwa kawaida kuna namba, na jina la kituo au nchi. Picha ngapi zinaonyesha herufi?

#40 Darubini_Shingoni
Mbili. Kwenye moja naona namba 7 na kitu kama 1. Kwenye ya pili kuna herufi mbili za mwisho za neno, lakini kidole kimeziba mwanzo. Nitazikuza usiku huu nizipandishe hapa. Jumapili nakwenda na lenzi ya kuazima, nisimame upande wa pili wa waya.

#41 Bundi_Hajalala
Pandisha hata saa tisa usiku. Niko macho.